Kiyoyozi kwenye lori la kale: jinsi ubaridi ulivyochelewa kumfikia dereva

Leo tuweke kando habari za zamu za usiku na makaratasi ya uhamiaji, tuzungumze malori. Najua kuna watakaouliza, nesi na malori wapi na wapi? Tulieni, tutafika. Huko mbele kuna habari ya binadamu na joto, na hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Hapa Texas watu wanapenda pikapu za zamani, na ushabiki wenyewe ni kama wa Simba na Yanga. Kuna wanaokusanya Chevrolet zilizotoka kati ya mwaka 1947 na 1955, kuna wa Ford F-1 na F-100, na ukiwaweka meza moja hawapatani. (Kwa Wamarekani pikapu na lori kubwa vyote vina jina moja, kwa hiyo nikisema lori humu mnielewe.) Lakini kuna jambo moja wanalokubaliana wote: mwezi wa nane ukifika, lori la kale lisilo na kiyoyozi halipandiki. Ndiyo maana swali linalosikika kwenye gereji nyingi ni lile lile. Kompresa ya kiyoyozi utaifunga wapi kwenye injini ambayo walioitengeneza hawakuiachia hata tundu moja la bolti kwa ajili yake?

Ukilichunguza vizuri, hilo swali la fundi ni swali la historia. Kwa nini hawakuiachia nafasi? Ujuzi ulikuwepo. Miaka ile ile malori hayo yanatoka kiwandani, Marekani tayari ilikuwa na mashine za kupoza sinema, maduka makubwa, nyama, na hata magari ya matajiri. Aliyekosa ni dereva wa lori. Basi naomba tuifuate njia hiyo tangu mwanzo, tuone ubaridi ulipita kwa nani na nani kabla haujamfikia yeye.

Kwanza tuelewane kompresa inafanya nini. Ukipakwa spiriti mkononi kabla ya kuchomwa sindano, unasikia ubaridi pale pale. Spiriti haikutoka kwenye friji. Inageuka kuwa mvuke, na inapogeuka inachukua joto la ngozi yako na kuondoka nalo. Kiyoyozi kinatumia ujanja huo huo, ila hakikubali mvuke upotee. Mvuke unakusanywa, kompresa inaukandamiza mpaka unakuwa wa moto na wenye presha kubwa. Unapelekwa kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, huko unatoa joto na kurudi kuwa kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye vali nyembamba, presha inashuka ghafla, kinaingia kwenye evaporeta ndani ya kabini, kinageuka mvuke tena na kuchukua joto la hewa unayopumua. Halafu mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo kompresa ni kama moyo. Moyo hautengenezi damu, unaisukuma. Kompresa nayo haitengenezi ubaridi, inasukuma.

Sasa sikieni jambo linalonifurahisha. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kutengeneza mashine ya namna hii kwa ajili ya mwili wa binadamu alikuwa daktari. Jina lake John Gorrie, na alikuwa anatibu watu Apalachicola, mji mdogo wa bandari huko Florida. Miaka ya 1840 wodi zake zilikuwa na wagonjwa wa malaria na homa ya manjano, na yeye akaamini kwamba hewa baridi ingewasaidia. Wakati ule barafu ilikatwa kwenye maziwa ya kaskazini wakati wa baridi kali, ikaletwa kusini kwa meli. Meli ikichelewa, hakuna barafu. Gorrie akaamua kuunda mashine yake. Pistoni ilikandamiza hewa, hewa ile ikapozwa kwa maji, kisha ikaachiwa itanuke, na ilipotanuka ikapoa kiasi cha kugandisha maji. Mwaka 1851 akapewa hataza namba 8080.

Kuhusu chanzo cha ugonjwa Gorrie alikuwa gizani kama madaktari wenzake wote wa wakati ule, maana habari ya mbu ilikuwa bado. Lakini kuhusu mgonjwa aliona sawasawa: mwili unaochemka unahitaji kupozwa. Fedha za kuiendeleza mashine hakuzipata, magazetini alikejeliwa, na mwaka 1855 akafariki bila kuona faida yoyote. Leo sanamu yake imesimama kwenye jengo la Bunge la Marekani kule Washington, moja kati ya mbili za jimbo la Florida. Heshima ilikuja, ila ilichelewa.

Baada ya Gorrie, mgonjwa akasahaulika. Aliyefuata kuonewa huruma alikuwa karatasi! Ndiyo, karatasi. Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms cha Brooklyn, New York, kilikuwa kinasumbuliwa na unyevu wa kiangazi. Karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa, rangi ya kwanza ikichapwa leo na ya pili kesho hazikutani. Injinia kijana aitwaye Willis Carrier akabuni mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili kupunguza unyevu. Hapo ndipo watu wengi wanapoanzia kuhesabu umri wa kiyoyozi cha kisasa. Wachapaji waliokuwa wanatoka jasho ndani ya jengo lile walipoa kwa bahati tu, kwa sababu ya kufanya kazi karibu na karatasi.

Baada ya karatasi ikafuata nyama. Na hapa ndipo malori yanapoingia, kupitia kwa mtu ambaye kila Mwafrika anayeishi nchi hii anapaswa kumjua. Frederick McKinley Jones alizaliwa mwaka 1893, Mmarekani mweusi, akabaki yatima akiwa mdogo na shule hakuifikisha mbali. Ufundi alijifunza mwenyewe gerejini na kwa kusoma vitabu usiku. Alikwenda kufanya kazi kwenye shamba kubwa mjini Hallock, kaskazini kabisa mwa Minnesota, akapigana Vita Kuu ya Kwanza huko Ufaransa, akarudi, baadaye akaajiriwa Minneapolis na Joseph Numero, mfanyabiashara wa vifaa vya sauti za sinema.

Miaka ile malori ya nyama na kuku yalikuwa yanapozwa kwa mabonge ya barafu na chumvi. Barafu ikiyeyuka njiani, mzigo wote umeoza. Mashine za friji za majumbani hazikufaa, maana mtikisiko wa barabara ulizivunja. Jones akaunda mtambo wenye injini yake ndogo, uliotengenezwa kustahimili mtikisiko. Wa kwanza ulifungwa chini ya tela, ukawa unakula vumbi na matope ya barabarani, ndipo akauhamishia juu mbele ya tela, sehemu ambayo mitambo ya namna hiyo inakaa mpaka leo. Kampuni waliyoianzisha mwaka 1938 ndiyo baadaye ikaitwa Thermo King, jina ambalo wengi wetu tumeliona kwenye matela ya samaki bila kujua kwamba nyuma yake kuna mtu mweusi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mitambo yake ilitunza chakula, dawa na damu kwa ajili ya hospitali za jeshi. Sisi tunaotundika damu kila siku tunajua maana yake. Jones alifariki mwaka 1961, na mwaka 1991 Rais George H. W. Bush akamtunukia Nishani ya Taifa ya Teknolojia. Ni Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata, na alipewa akiwa kaburini miaka 30.

Lakini hebu mfikirie dereva wa lori lile. Nyuma yake nyama imelala kwenye ubaridi wa kutosha. Mbele yeye anachemka, injini inamtupia joto miguuni, jua linampiga usoni. Mzigo ulipozwa kwa sababu ukioza mwenyewe anapata hasara. Dereva akichoka, anatafutwa mwingine.

Zamu ya tatu ilikuwa ya tajiri. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1939, kwenye maonyesho ya magari Chicago, kampuni ya Packard ilionyesha gari lenye kiyoyozi kamili kwa ajili ya mwaka 1940. Bei yake ilikuwa dola 274 juu ya bei ya gari, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Na bado kilikuwa na vituko. Evaporeta ilikaa nyuma ya kiti cha abiria na kula nafasi ya buti. Kompresa haikuwa na klachi, kwa hiyo injini ikiwaka nayo inazunguka. Ukitaka kuizima kwa msimu wa baridi, unafungua boneti na kuuvua mkanda! Packard waliachana nacho baada ya muda mfupi, kisha vita vikasimamisha utengenezaji wa magari ya raia mwaka 1942.

Mwaka 1953 Chrysler Imperial ikarudi na kiyoyozi, na General Motors wakakiweka kwenye Cadillac, Buick na Oldsmobile. Mitambo ile ya GM ilikuwa bado inakaa nyuma kwenye buti, na hewa baridi ilipandishwa kwa mabomba ya plastiki angavu mpaka darini. Mwaka 1954 Nash wakaja na mfumo uliokaa wote mbele, chini ya boneti na dashibodi, kwa dola 345. Mpangilio huo ndio uliokuja kuwa wa kawaida. Kwa hiyo kufikia mwaka huo kila kitu kilichohitajika kumpoza dereva wa lori kilikuwa kimeshabuniwa.

Turudi sasa kwenye lori lenyewe. Chevrolet walizindua malori yao mapya ya baada ya vita katikati ya mwaka 1947, na waliyatangaza kwamba kabini yake inapumua. Walikuwa na maana ya mfumo wa kuingiza hewa ya nje na kuitoa. Ulikuwa ubunifu mzuri tu, lakini jamani, kupumua siyo kupoa. Hewa ya nje ikiwa ya moto, kabini inapumua moto. Wenyewe walikuwa na utani wa kuhesabu kiyoyozi chao: madirisha mawili wazi, mwendo maili 60 kwa saa. Kwenye gari dogo unasema madirisha manne.

Na injini? Ilikuwa na silinda sita kwenye mstari mmoja, inchi za ujazo 216, yaani kama lita tatu na nusu, ikitoa nguvu za farasi 90. Ni injini ya kazi, ngumu, ya mwendo wa pole. Umeme wake ulikuwa wa volti 6 tu, unaozalishwa na dainamo ambayo gari likisimama kwenye taa inakuwa kama imelala. Kwenye puli ya chini kulikuwa na nafasi ya mkanda mmoja, unaozungusha pampu ya maji, feni na dainamo, basi. Baadaye Chevrolet wakaweka kwenye pikapu injini kubwa kidogo ya inchi 235, na mwaka 1955 wakaleta malori ya umbo jipya yenye volti 12. Lakini pikapu ya Chevrolet yenye kiyoyozi kilichofungwa ndani ya dashibodi kutoka kiwandani ilisubiri mpaka mwaka 1965. Hesabuni wenyewe: miaka 25 baada ya Packard, na zaidi ya miaka 110 baada ya hataza ya yule daktari wa Florida.

Pengo hilo lilijazwa na watu wa huku huku Texas. Miaka ya 1950 Dallas na miji ya jirani ikawa kama Gerezani ya viyoyozi vya magari. Kulikuwa na Frigikar, kulikuwa na ARA, na kulikuwa na John E. Mitchell Company waliouza viyoyozi kwa jina la Mark IV. Hao Mitchell walianzia kwenye mashine za kuchambua pamba, wakaona joto nalo ni biashara. Walichouza ni kisanduku cha kufunga chini ya dashibodi, pamoja na kompresa, kondensa na mipira yake, fundi yeyote mwenye spana akifunge. Kisanduku kilining'inia pale penye magoti ya abiria, ndiyo maana Wamarekani wakakipa jina la utani lenye maana ya kigonga magoti. Kilikuwa hakina sura, lakini kilipoza.

Kuna kisa kingine kidogo cha hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 bwana mmoja wa Coffeyville, Kansas, Omar Knedlik, mwenye duka la aiskrimu, alitumia kiyoyozi cha gari kutengeneza mashine ya soda iliyoganda nusu. Hao hao Mitchell wa Dallas ndio wakaja kuitengeneza kwa wingi, ikaitwa ICEE. Kwa hiyo watoto wenu wakiwalilia ile soda ya barafu ya rangi rangi, mjue wanalilia kizazi cha kiyoyozi cha gari.

Haya, tufike kwenye ufungaji wenyewe. Kompresa iliyotawala enzi zile ilikuwa York, yenye pistoni mbili zinazopanda na kushuka kama injini ndogo, na mafuta yake inayatunza tumboni mwake. (Kwa sababu hiyo wapenda safari za porini wanaitafuta mpaka leo, wanaigeuza kuwa pampu ya kujazia upepo matairi.) Ubaya wake ni mtikisiko. Pistoni mbili zinapiga kama ngumi, na breketi ya chuma chembamba inapasuka. Mafundi wa zamani walijifunza kuishika York mbele na nyuma, kwa chuma kinene, na kukaza bolti tena baada ya siku chache. General Motors walikuja na yao mwaka 1962, ndefu kama mtungi, pistoni zake zimelala kuufuata mhimili. Ilitulia zaidi lakini ilikuwa nzito mno.

Mabadiliko makubwa yalitoka Japani. Kampuni ya Sankyo ya mji wa Isesaki, ambayo tangu mwaka 1982 inaitwa Sanden, ilianza kutengeneza kompresa za magari mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa ndogo, nyepesi, pistoni tano zinasukumwa na sahani inayoyumba badala ya kushikwa na krenkishafti. Mtikisiko ukapungua sana, na nafasi ikapatikana hata pale ambapo York isingeingia. Mwaka 1976 kampuni ya Vintage Air ikaanzishwa San Antonio kwa kazi moja, kuyafungia magari ya kale viyoyozi vipya. Leo mwenye Chevrolet ya mwaka 1950 akitaka kupoa, mara nyingi kitakachokaa pembeni ya injini yake ni Sanden ya pistoni tano, yenye ujazo wa sentimita 138.

Kuifunga kuna kanuni ambazo fundi mzuri hazivunji. Ya kwanza, kompresa inashikwa na injini yenyewe, siyo na bodi wala chesisi. Injini inacheza juu ya raba zake, kwa hiyo kompresa lazima icheze nayo, la sivyo mkanda unavutwa na kulegezwa kila unapokanyaga mafuta. Kwa kuwa hakuna matundu yake, breketi inatumia bolti zilizopo tayari, kwa mfano za kichwa cha silinda au za pampu ya maji, kwa bolti ndefu zaidi. Ya pili, puli zote za mkanda mmoja zikae mstari mmoja. Fundi anaweka rula ndefu juu ya puli, milimita chache tu za kupinda zinatosha kula mkanda. Ya tatu, puli ya chini lazima iongezewe mfereji wa pili, na ukubwa wa puli uchaguliwe kwa hesabu, maana injini hizi zinazunguka polepole na kompresa ikizunguka polepole mno haipozi.

Hapo ndipo maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Klachi ya kompresa na feni ya ndani vinataka volti 12, kwa hiyo dainamo inatoka, altaneta inaingia, na balbu, betri, honi na geji vinafuata mmoja mmoja. Kondensa ikikaa mbele ya rejeta inaitupia joto, kwa hiyo rejeta na feni vinaangaliwa upya. Kompresa ikishika mzigo inakula nguvu kadhaa za farasi, na kwa injini yenye farasi 90 hilo unalisikia mlimani. Mlio ukiwa wa chini kwenye taa, gari linaweza kuzimika, kwa hiyo kabureta inarekebishwa. Unaanza na kompresa moja, unamaliza umelishika lori zima.

Kuna hatua moja ya mwisho ambayo manesi wataielewa haraka. Kabla ya kuweka gesi, mfumo mzima unafyonzwa hewa kwa pampu. Sisi tunatoa hewa kwenye mpira wa dripu kabla ya kumfungia mgonjwa, kwa sababu hewa mahali pa damu ni hatari. Fundi naye anatoa hewa na unyevu. Presha ikishuka sana, maji yaliyojificha ndani yanachemka hata bila moto na kuvutwa nje kama mvuke. Akiruka hatua hiyo, unyevu utaganda kwenye vali, na ukichanganyika na gesi na mafuta utatengeneza tindikali itakayokula vyuma kimya kimya.

Na gesi yenyewe ina historia yake. Gesi za zamani za kupoza zilikuwa za sumu au za kulipuka, mpaka mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walipopata Freon. Haina harufu, haiwaki, haimdhuru anayeipumua kwa kiasi kidogo. Ile ya magari iliitwa R-12, na kwa miongo kadhaa ilikuwa inaachiwa hewani ovyo. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba gesi za jamii hiyo zinapanda mpaka juu na kuharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza tundu la ozoni juu ya Antaktika, mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal, na Marekani ikaacha kuzalisha R-12 kuanzia mwaka 1996. Magari yakahamia R-134a. Ndiyo maana mwenye lori lenye kiyoyozi cha Mark IV cha zamani hawezi kubadilisha gesi tu na kwenda zake. Mafuta ya zamani hayaelewani na gesi mpya, na mipira ya zamani inaivujisha, kwa hiyo vyote vinabadilishwa.

R-134a haigusi ozoni, lakini ikivuja inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 ya hewa ukaa kwa uzito ule ule. Na hapa nyumbani kunaingia. Tarehe 15 mwezi wa kumi mwaka 2016, nchi za dunia zilikutana Kigali, Rwanda, zikakubaliana kupunguza gesi za kundi hilo. Makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali, yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kwa hiyo fundi wa Texas anayeinama juu ya boneti ya Chevrolet leo, gesi aliyoishika mkononi inahesabiwa kwa jina la mji wa kwetu Afrika Mashariki. Mimi nilipolijua hilo nilitabasamu.

Sasa kazi yangu. Mwaka 1980 Dallas na Fort Worth walikaa siku 42 mfululizo joto likifika au kupita Farenhaiti 100, karibu nyuzi 38 za Selsiasi. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,000 kwa joto la mwaka ule. Mwili wa binadamu una njia moja tu ya uhakika ya kujipoza hewa ikiwa ya moto kuliko ngozi, nayo ni jasho kukauka, ile ile hadithi ya spiriti. Dirisha wazi kwa maili 60 linasaidia jasho likauke, lakini kadiri hewa inavyozidi kuwa ya moto, upepo huo huo unakuongezea joto. Kukiwa na unyevu, jasho halikauki, linadondoka tu. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa maneno, huyo si wa kupewa soda na kuambiwa apumzike. Pigeni simu ya dharura na mumpoze papo hapo, kwa maji baridi mwili mzima, msingoje gari lifike. Figo na ubongo havisubiri.

Tunaowapokea mwezi wa saba na wa nane mara nyingi ni waezeka mapaa, wapakia mizigo, wakata majani, madereva. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliokuwa wanapanga nani apate kiyoyozi hawakuwa wanalala kwenye kile cha dereva. Msidhani hayo yameisha mwaka 1965. Magari ya posta ya Marekani yaliyotengenezwa na Grumman kati ya mwaka 1987 na 1994, zaidi ya 100,000, yalitoka bila kiyoyozi, na mapya yaliyobuniwa kuchukua nafasi yake, yenye kiyoyozi, yalianza kuingia barabarani mwaka 2024 tu. Madereva wa UPS walilazimika kulidai jambo hilo kupitia chama chao cha Teamsters, na mwaka 2023 wakapata makubaliano kwamba magari mapya ya kusambaza mizigo yatakayonunuliwa baada ya tarehe 1 Januari 2024 yawe na kiyoyozi. Baada ya karatasi, nyama na tajiri, mwaka 2024!

Ndiyo maana siwacheki wazee wa huku wanaotumia wiki nzima kutafuta mahali pa kuifunga kompresa kwenye injini ya mwaka 1950. Wanarekebisha kitu ambacho kiwanda kingeweza kukifikiria zamani. Lori lile lilibeba pamba, ng'ombe na matofali, na aliyeliendesha alikuwa na mwili kama wa mwenye Packard.

Haya ndugu zangu, mimi naishia hapa, zamu inaniita. Mwenye la kuongeza kuhusu malori ya kwetu alete, hasa nyie mliokulia kwenye kabini za Fiat na Bedford. Na mlioko kwenye joto, huku Texas, Muscat, Dubai au Dar, kunyweni maji, na mkimwona dereva au kibarua amekaa kivulini hajielewi, msimpite.